Ndugu yangu alielekeza pumzi ya tenki ya maji kwa stoo ya mahindi, shemeji karibu tumzike

Wakuu, poleni na kazi. Chamgei kwa wale wa kwetu.

Mimi huwa nasoma tu humu na kucheka, sichangii. Leo nimeshindwa. Niko na hasira imenikaa hapa kifuani tangu Jumapili, na bwanangu ameniambia nitafute watu wengine wa kuwaambia, yeye masikio yamejaa. Ndio nimekuja kwenu.

Siongezi chumvi hata punje moja. Mwenye anaona nadanganya aje kwetu Ziwa nimuonyeshe hiyo tenki kwa macho yake.

Kwanza mnijue kidogo ndio mfuate. Niko na hardware ndogo hapa Munyaka, Eldoret. Nauza misumari, rangi, paipu, mabati, na tenki za plastic za maji. Home kwetu ni Ziwa. Baba alishatuacha. Kwa boma sasa wanaishi Mama, ndugu yangu Kibet, bibi yake Naomi na watoto wao.

Kibet ndio firstborn. Na nyinyi mnajua firstborn wa kiume wa huku kwetu baba akishaenda. Anakuwa serikali. Akisema ng'ombe ahame, anahama. Mimi dada yake nikisema kitu naambiwa, "Wewe uliolewa, peleka maneno kwako."

Naomi ni mtu wa Timboroa. Ni mwembamba, hana kelele, mkono wake hauna uvivu. Huniita Senge, vile watoto wake huniita, kumaanisha shangazi. Mimi na yeye tumekuwa marafiki kuliko ndugu zangu wa damu, na nasema hivyo bila aibu.

Sasa skizeni mambo ya tenki, kwa sababu hapo ndio shetani alijificha.

Tenki ya maji inapumua. Najua kuna mtu atacheka. Cheka, lakini inapumua. Ukifungua mfereji chini maji itoke, hewa lazima iingie juu ichukue nafasi ya maji. Ukijaza, ile hewa lazima itoke. Ndio maana kuna katundu ama kapaipu pale juu, sisi tunaita vent. Customers wangu wengi huniuliza, "Mama, hii tundu ni ya nini? Niizibe?" Wananunua tenki kubwa ya kuwatoa jasho halafu wanataka kuinyonga.

Huko Ziwa shida ya hiyo vent ni nyuki. Kiangazi kikishika na mito kukauka, nyuki wanatafuta maji kama wazimu. Wanaingia kwa vent, wanazama, unafungua mfereji unapata mabawa kwa kikombe. Kibet akaona atatue. Akaziba vent na silicone, akafunga kifuniko na mpira wa tube kabisa. Akawasha pump ivute maji ya ng'ombe kutoka kwa tenki.

Tenki ikajivuta ndani. Ilibonyea upande mmoja kama chupa ya soda mtoto akiinyonya. Mama alikuwa hapo, alisema ililia "kwooo" mpaka kuku wakatoroka.

Nikampigia simu. Nikamwambia Kibet, dawa ya hii kitu ni ndogo. Weka kapaipu juu, ipinde na elbow iangalie chini ndio mvua na uchafu visiingie, halafu mdomoni funga wavu mdogo wa mbu. Nyuki hapiti, hewa inapita, imeisha. Nikamtumia elbow na wavu na matatu ya kwetu. Bure!

Mnajua alinijibu nini? "Wewe uza. Mimi ndio najenga."

Nkt!

Akanunua tenki ingine, na hiyo nayo akaiwekea akili yake. Tenki inakaa kwa msingi wa mawe, urefu wa goti, karibu na ukuta wa stoo ya mahindi. Kibet akatoa paipu juu ya tenki, akatoboa ukuta wa mbao wa stoo, akaingiza mdomo wa paipu ndani ya stoo. Ati ndani hakuna nyuki, hakuna mvua, hakuna vumbi ya barabara. Tenki ipumulie huko kwa raha.

Na alijisifu! Wageni wakija anawazungusha nyuma ya nyumba kuwaonyesha. Wazee wanatingisha kichwa, "Huyu kijana ana akili ya baba yake."

Mimi nilimwambia hapo hapo mbele ya Mama, stoo iko na panya, iko na vumbi ya mahindi, hiyo yote itaingia kwa maji mnakunywa. Akacheka. Mama akaniambia niwache kuaibisha ndugu yangu mbele ya watu. Haya. Nikanywa chai yangu nikarudi Munyaka.

Sasa mwaka huu.

Wakulima mnajua baada ya kuvuna na kupiga mahindi, adui anakuwa dumuzi, yule mdudu wa kutoboa mahindi. Kibet alikuwa amejaza stoo mpaka juu. Akanunua vidonge, zile za kutoa gas. Wale hamjui, hizo si za kumeza. Unaweka kati ya magunia, zinatoa hewa ya sumu, unafunga stoo kabisa, wadudu wanakufa. Na mtu akikaa humo atakufa pia. Kila mwaka huku kwetu tunaskia ya mtu alilala karibu na mahindi yenye hizo vidonge hakuamka. Si siri, kila mkulima anajua.

Kibet pia anajua. Ndio maana alifunga stoo vizuri sana. Alipaka matope kwa nyufa za mbao. Akapiga tape kwa mlango. Akaziba juu ya ukuta na turubai. Aliambia watoto wasicheze upande huo. Nasema ukweli, hapo alifanya kazi safi.

Kila tundu aliziba isipokuwa ile ya paipu yake. Eti hiyo si tundu, hiyo ni ya maji.

Na wakati huo tenki ilikuwa tupu. Kiangazi, mvua ya mabati hakuna, kilichobaki ni matope chini. Kwa hivyo fikirieni wenyewe. Stoo imejaa gas, imefungwa kila mahali, na iko na mlango mmoja tu umebaki wazi, na huo mlango unaingia kwa tenki tupu.

Jumamosi moja mimi nilikuwa nimeenda home kusaidia. Kina mama wa kanisa walikuwa waje kwa fellowship siku inayofuata, na maji ingeletwa kutoka kisima cha jirani na pump. Kabla ijazwe lazima tenki ioshwe.

Na kuosha tenki ni kazi ya nani? Kwetu chombo cha maji ni cha mwanamke wa boma. Kibuyu, mtungi, jerikeni, sasa mpaka tenki. Mwanaume hatii mkono huko, ataonekana amekaliwa na bibi. Kwa hivyo kila kiangazi tangu aolewe, Naomi ndio huingia ndani ya tenki na brush na ndoo, kwa sababu ni mwembamba anapita kwa kifuniko. Hakuna siku mtu amemuuliza kama anataka.

Akapanda ngazi, akafungua kifuniko. Akakunja uso akasema, "Senge, leo hii tenki inanuka kitunguu saumu." Nikadhani ni panya amekufa, sikujua stoo imewekwa dawa. Yeye pia alidhani hivyo. Akaingia.

Tulikuwa tunaongea. Yeye ndani anasugua, mimi kwa ngazi napokea ndoo ya matope namwaga. Alikuwa ananiambia vile msichana wake mkubwa, Cherop, anataka kujiunga na timu ya mbio ya shule na Kibet amekataa. Alikuwa anacheka. Halafu akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia atoke apumzike. Akasema amalizie tu kona hii.

Halafu brush ikaacha kusugua.

Nikaita Naomi. Kimya. Nikaita Mama Cherop. Kimya. Nikachungulia. Alikuwa ameketi kwa matope, mgongo kwa ukuta wa tenki, kichwa kimelala kifuani. Na hiyo harufu ikanipiga kwa pua mpaka macho yakatoa machozi.

Wakuu, sijawahi kupiga nduru kama hiyo nduru.

Nikainama ndani mpaka kiunoni, nikanyosha mkono nikashika blausi yake nikavuta. Mtu aliyezimia ni mzito ajabu. Blausi ikararuka. Nikatoa mguu mmoja nikaweka kwa kifuniko niingie nimuinue kutoka chini.

Mungu ni nani? Mungu alikuwa ameleta Abdi. Abdi ni Msomali wa Eldoret, ananunua mahindi ya wakulima wa upande wetu miaka mingi, anaheshimiana na Mama sana. Alikuwa amekuja na dereva wake kuona mahindi ya Kibet. Akaskia nduru akakimbia nyuma ya nyumba, akaona ngazi, akaona paipu, akaona stoo imepigwa tape. Huyo ni mtu wa mahindi, hakuhitaji kuelezwa.

"Dada, toka! Usiingie! Ukiingia mtakuwa wawili!"

Nikamtukana. Naomba msamaha kwake hapa, nilimtukana matusi ya kweli. Akanivuta kwa ngazi kwa nguvu nikaanguka chini.

Halafu akafanya kitu mimi muuza tenki sikuwa nimefikiria kwa hiyo hofu. Tenki tupu ya plastic si nzito. Yeye na dereva wakaweka mabega, mimi nikaweka langu, tukaisukuma ikaanguka kwa nyasi na Naomi ndani yake. Paipu ikakatika paa! Kifuniko sasa kikawa kinaangalia upande. Abdi akafunika mdomo na shuka yake ya begani, akapiga magoti, akashika mikono ya Naomi akamvuta nje kama ndama anayezaliwa.

Alikuwa anapumua. Midomo imegeuka rangi. Akatapika kwa gauni yangu, na sijawahi kufurahia kutapikiwa hivyo.

Dereva alisukuma gunia iliyolowa maji kwa ile tundu ya stoo, tukaingiza Naomi kwa pickup ya Abdi, tukashuka Eldoret. Mama akabaki na watoto. Kibet hakuwa home, alikuwa kwa mkutano wa kamati ya kanisa.

Sasa hapa ndio hasira yangu inaanza kabisa, kwa hivyo mtanivumilia.

Tumefika hospitali, Naomi ameingizwa, daktari kijana msichana anauliza nini ilifanyika. Mimi bado nahema. Kabla nifungue mdomo nikaskia sauti nyuma yangu. Kibet. Amefika na suti ya kamati, Mama alikuwa amempigia simu.

"Daktari, huyu bibi yangu ameanguka kutoka ngazi. Na ana presha."

Nikageuka nikamwangalia. Hata hakupepesa jicho.

Ndugu yangu! Bibi yako amelala hapo anatafuta hewa, daktari anataka kujua atibu nini, na wewe unampa ngazi! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kitu juu ya mtu anayeficha maradhi ya mwingine.

Nikamwambia daktari, hakuna ngazi. Amevuta gas ya vidonge vya mahindi, ilipita kwa paipu ya tenki kutoka kwa stoo. Nikamwambia harufu, nikamwambia kuumwa na kichwa, nikamwambia kutapika. Daktari hakuniuliza mara ya pili. Alikimbia. Wakamhamisha, wakamuweka oxygen na ile mashine ya kuangalia moyo. Baadaye alinieleza kwamba hiyo sumu haina dawa ya kuitoa, wanashikilia tu mwili mpaka ushinde ama ushindwe. Na kwamba kama wangeendelea na hadithi ya ngazi wangekuwa bado wanatafuta mfupa uliovunjika.

Kibet alinishika mkono kwa corridor. Nikadhani ataniuliza, "Atapona?" Ati ndugu yangu akaniambia, "Unaniaibisha. Huyo Abdi atasema huko soko yote."

Nilimsonya. Watu wakageuka. Sijali.

Najua kuna mmoja hapo chini atauliza kama hii ni hekaya, ati mbona Mama hakumkanya mtoto wake. Ndugu, umekaa na wamama wa kwetu kweli? Mama alikuja hospitali na chupa ya chai na akasema kwa kila mgeni, "Ni presha. Naomi amekuwa na presha tangu mtoto wa mwisho." Presha! Naomi hajawahi kumeza hata panadol mbele yangu. Lakini Kibet alikuwa amesema presha, na firstborn akisema presha, inakuwa presha. Fellowship wakaja, wakaombea presha. Pastor akakemea presha kwa jina. Mimi nikasimama kwa kona nikiuma midomo.

Naomi alishinda. Siku alifungua macho vizuri aliuliza watoto wamekula nini. Halafu akaniuliza, "Senge, ilikuwa nini?" Nikamwambia yote, sikuficha. Akasema tu, "Hakuniambia ameweka dawa." Kumbe Kibet aliambia watoto na Mama tu. Bibi yake, mwenye kuingia kwa tenki, hakuona haja ya kumwambia.

Alipotolewa hospitali hakurudi Ziwa. Baba yake alikuja kumchukua yeye na watoto akawapeleka Timboroa. Na hiyo ni haki yake, kwetu mwanamke akiumizwa anarudi kwao mpaka wenye makosa waende na wazee waongee.

Kibet akaenda na wazee. Mimi sikualikwa, mimi niliolewa, mnakumbuka. Lakini niliambiwa na waliokuwa huko. Aliomba msamaha kwa baba mkwe. Akaomba kwa mama mkwe. Akaomba kwa wazee kwa kuwasumbua kupanda baridi ya Timboroa. Kwa Naomi alisema, "Kama kuna mahali nilikosea." Kama! Ati kama!

Baba yake Naomi ni mzee wa maneno machache. Akasema sawa, atamrudisha mtoto mwenyewe, akaone boma imekaa aje kabla amuache.

Ndio Jumapili iliyopita. Mama akanipigia niende kupika. Nikaenda, nikaanza na kuchinja kuku, sikuenda nyuma ya nyumba kwanza. Naomi akafika na baba yake na watoto. Amekonda zaidi, lakini anatembea. Tukakumbatiana kwa jikoni tukalia kidogo. Chai ikanywewa. Maombi ikaombwa. Kibet akatoa hotuba juu ya umoja wa familia, hata akanukuu Biblia.

Halafu mzee akasema anataka kunyosha miguu aone shamba. Tukatoka wote tukazunguka nyuma.

Wakuu.

Tenki imesimama mahali pale pale. Stoo imefungwa, matope mpya kwa nyufa, tape mpya kwa mlango. Dumuzi walikuwa wamerudi, akaweka vidonge tena. Na kutoka juu ya tenki kuna paipu. Mpya, inang'aa, imepigwa gundi safi. Imeingia kwa ukuta wa stoo kupitia tundu ile ile.

Nilihisi damu imepanda mpaka kwa nywele. Nilifungua mdomo, na naapa maneno yaliyokuwa yanakuja singeyaandika hapa.

Lakini Kibet akanitangulia. Akageukia bibi yake mbele ya baba yake mzazi, kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia, "Afadhali umerudi, Mama Cherop. Hiyo tenki imejaa matope tangu siku ile ianguke. Imekungoja."

Mzee akamwangalia. "Hii paipu si ndio ile?"

"Ni ile ya kupumua, Mzee. Haina shida. Dawa haifiki huko. Hata hospitali walisema ni presha."

Hospitali hawakusema presha! Nikaanza kusema, na Naomi akaweka mkono wake kwa mkono wangu, taratibu, nikanyamaza.

Akaenda kwa ukuta ambapo ndoo na brush vilikuwa. Akavichukua. Mimi nikafikiri, huyu mwanamke anaenda kuingia, na kama anaingia nitachoma hii stoo leo na mahindi yake yote. Lakini hakuenda kwa ngazi. Akaenda kwa bwana yake, akaweka ndoo chini ya miguu yake, hapo karibu na viatu vya kanisa, na brush juu yake.

"Kama haifiki, ingia wewe."

Hakupiga kelele. Nimemjua miaka hiyo yote, sijawahi kumskia akimwambia Kibet "wewe" na sauti hiyo.

Kibet akacheka. Akaangalia mzee, akaangalia Mama, akitafuta mtu wa kucheka naye. Akasema mwanaume haoshi tenki. Mzee akamwambia, "Leo nimekuruhusu."

Akasema yeye ni mnene, hawezi toshea kwa kifuniko.

"Basi ingiza kichwa tu," Naomi akasema. "Vuta pumzi kidogo. Halafu tutajua ni presha."

Kibet akapanda ngazi. Ngazi mbili, tatu. Akafungua kifuniko. Akasimama hapo mkono kwa kifuniko, kichwa chake amekirudisha nyuma vile mtu anajitoa kwa moshi. Sisi wote chini tunamwangalia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Akafunga kifuniko. Akashuka.

Na hapo ndio Mama yangu, mama aliyesema presha kwa kila mgeni, aliyenipigia mimi kelele miaka yote nisiaibishe ndugu yangu, alisema maneno ambayo yamekaa kwa masikio yangu mpaka sasa ninapoandika.

"Kumbe ulijua, Kibet."

Hakusema ingine. Aliingia ndani ya nyumba.

Mzee akavaa kofia yake, akaambia Naomi, "Ita watoto." Kuku niliyopika hakuna mtu aliigusa. Wakapanda gari wakarudi Timboroa, na Naomi hajarudi, na mimi sitamwambia arudi. Kibet amekuwa akinipigia niende nikamuongeleshe, eti mimi ndio ananiskiza. Sasa ndio amejua naongea!

Sasa masomo, kwa sababu sitaki mseme nimekuja kulia tu.

Tenki yako lazima ipumue, usiizibe. Lakini ipumulie nje, kwa hewa safi, mdomo uangalie chini, na wavu mdogo. Usiipeleke kwa stoo, wala kwa zizi, wala kwa dari ya nyumba, wala karibu na choo, wala mahali gari au generator inatoa moshi. Chochote kiko mahali tenki inapumulia, siku moja utakinywa ama utakivuta. Na mtu asiingie kwa tenki bila kuacha kifuniko wazi ipigwe na hewa kwa muda, bila mtu mwingine nje, na ukiskia harufu yoyote usiingie kabisa. Mtu akizimia ndani, usimfuate. Angusha tenki ama ikate, lakini usimfuate.

Hayo ni ya fundi. Ya moyo ni haya. Huyo ndugu yangu hakukosa akili, alikosa kuambiwa ukweli na mtu ambaye yeye mwenyewe anamwogopa. Sisi wote tulimtengeneza hivyo, na mwenye alikuwa anaingia kwa tenki alikuwa mmoja tu.

Haya, nimemaliza. Mniambie nyinyi, mzee wa Timboroa alifanya sawa ama nilitakiwa kuwapatanisha? Mtakaonitukana kwa kuanika boma yetu, tukaneni, nimezoea. Lakini kabla uandike comment, toka kwanza nje ukaangalie ni nani huwa anaosha tenki kwenu, na umuulize kama kuna mtu amemwambia paipu yake inaelekea wapi.